Mkwawa: kasi, ukuta na pumzi kwa jeshi moja

Ukifika Kalenga, kilomita chache kutoka Iringa mjini, utaonyeshwa fuvu. Ni la Mtwa Mkwawa, mzaliwa wa Luhota, karibu mwaka 1855.

Baba yake, Munyigumba, alifariki karibu 1879 na kumwachia majirani wagumu: Wangoni kusini, na Wasangu wa Merere upande wa Mbeya. Mkuki mfupi wa kuchoma ulitoka kwa Wangoni, ukapita kwa Wasangu, ukafika kwa Wahehe. Ila mkuki huo hauna kazi kama huwezi kumfikia adui. Kwa hiyo mpiganaji wa Kihehe alihitaji miguu kwanza, mkono baadaye.

Agosti 17, 1891 pale Lugalo hesabu hiyo ilijibu. Msafara wa Wajerumani ulikuwa njiani chini ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimbatiza jina la Nyundo. Wahehe walijibanza vichakani, wakachomoka kwa pamoja. Dakika chache tu, Nyundo kalala, na askari wake wengi pia. Bunduki zao zikabaki mikononi mwa Wahehe.

Lakini Mkwawa hakutaka kutegemea mbio peke yake. Kalenga alikuwa na ngome kubwa ya ukuta mnene. Ukuta unazuia mikuki vizuri. Mizinga ni habari nyingine. Oktoba 30, 1894 jeshi la Gavana von Schele likaiteka. Watu waliozoea kushambulia mbio walijikuta wamefungiwa ndani. Hapo, kusema kweli, ndipo mipango yake ilipogongana.

Mkwawa mwenyewe alichoropoka. Sasa ikaja zamu ya pumzi.

Karibu miaka minne alihama misitu na vilima, akipiga na kupotea. Tom von Prince, aliyejenga boma Iringa mwaka 1896, alimsaka bila kupumzika. Mtu anayekimbia lazima ale, na waliomlisha ni wanavijiji. Wao ndio waliolipa: chakula kikachukuliwa, mifugo ikaswagwa. Mdogo wake, Mpangile, alitawazwa na Wajerumani, kisha wakamnyonga 1897. Kichwa cha Mkwawa kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000.

Julai 19, 1898, huko Mlambalasi, akiwa amebaki karibu peke yake, alijipiga risasi. Kichwa kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudishwe. Gavana Twining alikikabidhi Kalenga Juni 19, 1954.