FIRAUNI ALIYELIPENDA JUA

Nilipoiona picha ya sanamu ya Akhenaten mara ya kwanza, nilicheka. Uso mrefu, midomo minene, tumbo limening'inia na nyonga pana. Nikasema, fundi huyu hakuijua kazi! Kumbe asiyejua ni mimi.

Wamisri wa kale waliamini kwamba roho ya marehemu huweza kukaa ndani ya sanamu yake. Ndiyo maana kwa kawaida mfalme alichongwa akiwa kijana mwenye misuli, hata kama alikuwa mzee. Nani angetaka kuishi milele na mgongo uliopinda?

Bwana huyu alipotawazwa, mnamo mwaka wa 1350 K.K. hivi, aliitwa Amenhotep, jina lenye jina la mungu Amun ndani yake. Makuhani wa Amun walikuwa matajiri kweli kweli. Katika mwaka wa tano hivi wa utawala wake akajiita Akhenaten, kwa heshima ya Aten, yaani duara la jua. Akauhama mji wa Thebes, akajenga mji mpya jangwani, pale panapoitwa Amarna leo. Mahekalu yake yaliachwa wazi juu ili jua liingie.

Sanaa nayo ikageuka. Aten wa mji huo hakuwa na kichwa cha mnyama wala mwili wa mtu. Alichorwa duara tu, miale yake ikiishia katika viganja vidogo, vingine vikiwapelekea mfalme na mkewe Nefertiti alama ya uhai puani. Hapo ndipo ninapopapenda. Chini ya miale hiyo mfalme ameketi akimbusu binti yake, na mtoto mwingine amepakatwa na mama. Baba wa nyumbani kabisa!

Lakini alikosea pia, sitaficha. Aliamuru jina la Amun lifutwe kwa patasi, hata ndani ya jina la baba yake mzazi. Mkuki kwa nguruwe! Alipofariki baada ya miaka 17 hivi, wafalme wa baadaye waliyabomoa mahekalu yake, wakafuta jina na sura yake. Kwa imani yao, aliyefutwa hivyo amekufa mara ya pili.

Tutankhaten, aliyerithi ufalme akiwa mtoto, akageuzwa jina kuwa Tutankhamun. Kaburi lake lilipatikana mwaka wa 1922. Ndani mlikuwa na kiti cha enzi cha dhahabu, na pale pa kuegemea mgongo lile jua bado lipo, pamoja na viganja vyake.