Raiffeisen, bourgmestre aliyefundisha vijiji kubebana

Leo tunawaletea maisha ya mtu wa inchi nyingine, Mjerumani aliyekufa zamani: Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Jina ni gumu mdomoni. Lakini kila mmoja wetu aliyewahi kuweka franga zake ndani ya COOPEC amekwisha kugusa kazi yake bila kujua.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 pale Hamm, kijiji cha kando ya mto Sieg. Walikuwa watoto 9, yeye wa saba. Nyumbani hapakuwa na franga za masomo ya juu, pastori wa kijiji ndiye aliyemfundisha. Akiwa na miaka 17 aliingia jeshi, lakini macho yakaanza kuharibika, na mwaka 1843 ikabidi aache bunduki na kushika kalamu ya serikali. Mwaka 1845, akiwa na miaka 26 tu, wakamweka bourgmestre wa Weyerbusch, eneo la vijiji zaidi ya 20 vya wakulima maskini.

Watu hawakumchagua. Serikali ya Prussia ndiyo iliyomtuma, sawa vile sisi pia tumezoea kupokea wakubwa wanaokuja na barua kutoka juu. Lakini yeye hakukaa ofisini kungojea kodi. Shule ikajengwa. Halafu akaanzisha kazi ya barabara, juu aliona wazi kwamba mavuno yasiyo na njia ya kufika soko yanaozea nyumbani. Barabara ile, iliyoendelea mpaka Neuwied kwenye mto Rhine, leo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1846 mavuno yakakufa, na njaa ikaingia. Serikali ilituma unga, lakini kwa sharti: anayetaka alipe franga mkononi. Mwenye njaa atatoa wapi franga? Raiffeisen aliamua kugawa unga kwa deni, kinyume cha sharti lile, na yeye mwenyewe akabeba hatari mbele ya wakubwa wake. Halafu akaita wale wenye uwezo kidogo katika vijiji vyake, wakachanga, wakanunua nafaka, wakajenga nyumba ya kuoka mikate. Mkate ukatoka kwa bei ya chini sana kuliko ya soko, na maskini wakaupata kwa kulipa baadaye.

Mwaka 1848 akahamishiwa Flammersfeld. Pale aliona ugonjwa mwingine, na huu tunaujua. Mkulima hana ngombe. Mfanyabiashara anamletea mmoja kwa deni, riba juu. Mavuno yakikosa, ngombe anarudi kwa mwenye deni, mwaka wa pili shamba nalo linafuata. Je, si ndivyo inavyotokea kwetu? Mtu anarudi kutoka kambini Tanzania, anakuta shamba limekuwa pori, anakopa mbegu kwa kuahidi mavuno, na siku ya kuvuna magunia yanapita mlangoni pake bila kuingia.

Mwaka 1849 Raiffeisen alikusanya matajiri 60 wa Flammersfeld. Wote pamoja wakaweka mali yao yote kuwa dhamana, wakapata mkopo, na kwa mkopo ule wakawapa wakulima ngombe wa kulipa kidogo kidogo. Wakulima wengi wakapumua. Mwaka 1852 akahamia Heddesdorf, na mwaka 1854 akaanzisha chama kingine cha huruma kilichotaka kufanya yote: kutunza watoto walioachwa, kutafutia kazi waliotoka gerezani, kukopesha wakulima.

Hapo sasa ndipo penye kiini cha habari hii. Wale matajiri walichoka. Kwao hakukuwa na faida, hatari tu, na mmoja mmoja wakaanza kurudi nyuma. Kazi nyingine za chama zikalala, ikabaki ile ya mikopo. Raiffeisen alikuwa mtu wa dini sana, na alipenda kuamini kwamba upendo wa mwenye nacho utatosha. Miaka karibu 15 ya kazi ilimwonyesha kwamba haitoshi. Mwaka 1864 alikigeuza chama cha Heddesdorf: tangu siku ile anayekopa lazima awe mwanachama, na wanachama wote wanabeba deni pamoja.

Sheria zake zilikuwa chache. Chama kisipite eneo dogo, ili watu wajuane. Mkopo utolewe kwa mwanachama tu, na kwa kazi yenye kuzaa. Viongozi wafanye kazi bure, isipokuwa mtunza hesabu. Faida isigawanywe, iingie katika akiba ya wote ambayo hakuna atakayekuja kuikata vipande. Na katika mkutano, kila mwanachama ana kura moja. Hili halikuwa jambo dogo. Katika Prussia ya wakati ule, kura za bunge zilipimwa kwa kodi, tajiri alikuwa na uzito kuliko maskini wengi. Wakulima wengi walijifunza ndani ya chama cha mikopo mambo ambayo serikali haikuwapa: kusimama, kuuliza hesabu, kuchagua na kuondoa kiongozi.

Maisha yake mwenyewe hayakuwa mepesi. Mwaka 1863 mke wake, Emilie, alikufa. Mwaka 1865 alitolewa kazini juu ya ugonjwa, na malipo yake ya kustaafu yalikuwa madogo, hata akaanza kuuza divai ili alishe watoto. Macho yakawa karibu kuzimika. Binti yake Amalie ndiye aliyemsomea na kumwandikia, na kwa mkono wake kitabu cha Raiffeisen juu ya vyama vya mikopo kilitoka mwaka 1866. Kitabu kile kilitembea kuliko mwandishi wake. Alipokufa Neuwied tarehe 11 Machi 1888, vyama vilivyofuata njia yake vilikuwa zaidi ya 400.

Kwenu wafadhili: unga ule wa kwanza ulitoka nje ya kijiji, na bila unga ule watu wangekufa. Hatudharau unga. Tunachoomba ni kwamba msaada wenu ukutane na sanduku ambalo wenyeji wameshaanza kulijaza.

Kwenu wanachama: mfadhili anaweza kuchoka, kama wale 60 walivyoweza kuchoka, na hatakuwa amekosa. Tunapozunguka vijijini bado tunasikia watu wakiliita sanduku letu sanduku la mradi. Mradi una tarehe ya kuisha. Katika mkutano mkuu ujao, tunaomba kila kikundi kije na majibu ya maswali matatu: nani anamdhamini nani, akiba isiyogawanywa imefika wapi, na ni nani aliyesomewa hesabu mara ya mwisho. Mwenye kura moja asiogope kuuliza.