John Woodward na Mnanaa Ndani ya Chupa

Mwanafunzi, chukua kijiti kibichi cha mnanaa, ukitie katika chupa ya maji, kisha uiweke chupa hiyo dirishani. Baada ya siku kadhaa utaona mizizi myeupe ikichomoza. Hapana udongo ndani ya chupa, lakini mmea unaishi. Je, unakula nini? Swali hili lilimshughulisha Mwingereza mmoja zaidi ya miaka 300 iliyopita. Jina lake ni John Woodward.

Woodward alizaliwa mwaka 1665 katika jimbo la Derbyshire. Alijifunza utabibu, na mwaka 1692 akawa profesa wa utabibu katika Chuo cha Gresham mjini London. Alipenda pia kukusanya mawe, pamoja na mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka kuwa mawe.

Siku zile wataalamu wengi waliamini kwamba mmea hujengwa kwa maji peke yake. Walifuata mafunzo ya Jan Baptist van Helmont wa Brussels. Yeye alipanda mti ndani ya pipa la udongo, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Uzito wa mti uliongezeka kwa zaidi ya kilo 70, lakini udongo ulipungua kidogo mno. Woodward hakuridhika. Aliona kwamba, kama maji pekee ndiyo chakula cha mimea, basi maji ya aina zote yangeikuza sawasawa. Akaamua kupima.

Mwaka 1691 alichukua vijiti vya mnanaa na kuvipima katika mizani. Alivitia katika chupa zenye maji mbalimbali, akazifunika midomo ili maji yasipotee hewani, akaacha tundu la kupitisha shina tu. Chupa zote alizipanga dirishani zipate mwanga sawa. Kila alipoongeza maji, aliyapima kwanza. Baada ya siku 77 aliipima tena mimea. Mmea wa maji ya mvua ulikuwa umeongezeka gramu 1.1. Mmea wa maji ya mto Thames, yenye tope, ulikuwa umeongezeka gramu 1.7, ingawa yote miwili ilianza na uzito wa karibu gramu 1.8.

Baadaye alirudia kazi hiyo kwa maji ya bomba la Hyde Park. Katika chupa moja alitia udongo kidogo wa bustani. Mmea usio na udongo uliongezeka gramu 9. Wenye udongo uliongezeka gramu 18, ijapokuwa ulianza ukiwa mdogo zaidi. Aligundua pia kwamba maji mengi yanayonyonywa na mizizi hayabaki mmeani, bali hupanda hadi majanini na kutoka hewani. Mmea wa maji ya mvua ulitumia gramu 171 za maji kwa kila gramu moja uliyoongezeka.

Mwaka 1699 Woodward alitangaza matokeo yake. Alisema kwamba mmea hujengwa kwa udongo, wala si kwa maji. Hapo alikosea. Leo twajua kwamba mmea hutengeneza chakula chake kwa maji na hewa ya kabonidayoksaidi, ukisaidiwa na mwanga wa jua. Kutoka katika udongo huchukua chumvichumvi zilizoyeyuka majini. Lakini vipimo vyake vilikuwa vya kweli, na wengine waliweza kuendelea navyo. Katika miaka ya 1860 Julius Sachs na Wilhelm Knop, Wajerumani, walikuza mimea katika maji yaliyotiwa chumvichumvi tu. Ndiyo sababu leo watu huweza kukuza mnanaa na mboga ndani ya nyumba bila udongo.

Woodward hakuwa mtu mpole. Mwaka 1710 aliondolewa katika baraza la Chama cha Kifalme cha wanasayansi kwa sababu ya kumtukana mwenzake. Alifariki mwaka 1728, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey. Mkusanyo wake wa mawe umehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Jaribio
Tia vijiti viwili vya mnanaa vilivyo sawa katika chupa mbili: moja yenye maji ya mvua, nyingine yenye maji ya mvua na kijiko cha udongo wa bustani. Ziweke dirishani kwa majuma sita. Pima urefu wa mimea kila juma na uandike.

Maswali
1. Kwa nini Woodward alifunika midomo ya chupa?
2. Kwa nini mnanaa ulikua zaidi katika maji ya mto kuliko katika maji ya mvua?
3. Woodward alikosea wapi?