Thomas Odhiambo na ubongo wa nzige

Wazee wetu wa Biharamulo wanajua mbung'o alivyowanyima watu ng'ombe na hata usingizi wa salama. Basi leo tumkumbuke mtu aliyetaka tumjue adui huyo kwa undani kabla ya kumrushia sumu.

Thomas Risley Odhiambo alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Alisoma Maseno, kisha Makerere. Akiwa Uganda aliwachunguza wadudu wa mimea, na mwaka 1959 akaandika habari za mdudu mmoja mwindaji ambaye baba ndiye anayelinda mayai mpaka yaanguliwe. (Akina baba, mmesikia.)

Alipokwenda Cambridge alifundishwa na Vincent Wigglesworth, aliyekuwa ameonyesha kwamba mdudu hajivui gamba mpaka ubongo wake utoe amri. Amri hiyo haipiti kwenye neva peke yake. Ziko chembe za ubongo zinazotengeneza protini ndogo sana na kuziachia katika damu; zikifika kwenye tezi, tezi nayo hutoa homoni yake. Ndivyo kiwiliwili kizima kinavyopata habari kwamba wakati umefika.

Odhiambo alichukua nzige dume wa jangwani. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna vitezi viwili, vidogo mno. Alipoviondoa, nzige hakufa, ila alipungukiwa na mwendo na mafuta yakamjaa mwilini. Kumbe kitezi kisichoonekana vizuri bila hadubini ndicho kilichokuwa kikiamua nguvu itumike au iwekwe akiba! Leo wataalamu wanafuatilia mambo ya namna hiyo kwa wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu jikoni: protini zipi za ubongo zinawaambia wale, walale au wakue.

Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi, na mwaka 1970 akaanzisha Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akiamini kwamba Mwafrika hana sababu ya kungoja wageni wamchunguzie wadudu wake. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi, maana fedha zilikuwa za kuombaomba na wenye shaka walikuwa wengi. Huko Nguruman watafiti wa kituo walitengeneza mitego ya vitambaa yenye harufu ya mkojo wa ng'ombe, na Wamasai wenyewe wakashiriki kumnasa mbung'o.

Mwaka 1987 alipewa tuzo ya Afrika ya kupambana na njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegali. Alikuwa pia rais wa kwanza wa Akademia ya Sayansi ya Afrika.

Alifariki Mei 2003. Mwaka huohuo nzi wa matunda mgeni kutoka Asia, yule anayejaza funza katika maembe, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza. Waliomgundua walikuwa watafiti wa ICIPE.