Shaaban Robert na siku ya Januari mosi

Chukua kitambulisho cha mzazi wako mzee uangalie tarehe ya kuzaliwa. Usishangae ukikuta 1 Januari au 1 Julai. Kwenye mafaili ya wazee tunaowahudumia hapa Njombe na Makambako, tarehe hizo hujirudia mno. Leo nitakueleza sababu kupitia maisha ya mtu unayemfahamu tangu shuleni, ambaye naye tarehe yake ni hiyo: Shaaban Robert.

Alizaliwa 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, jirani na Machui, karibu na mji wa Tanga. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Vijijini wakati ule mtoto alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, na siku yake ilikumbukwa kwa mvua, mavuno, njaa au vita. Kalenda ilikuwa kitu cha ofisini.

Kuanzia 1922 hadi 1926 alisoma Dar es Salaam, kisha akaajiriwa karani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya hadi 1944, na Pangani ni mojawapo ya vituo vyake. Baadaye alihamia idara ya mifugo huko Mpwapwa, akarudi Tanga katika ofisi ya wilaya mwaka 1946, na kuanzia 1952 akawa ofisi ya upimaji ardhi. Mchana alikuwa mtu wa madaftari na fomu. Usiku aliandika mashairi na vitabu.

Sasa, msomaji, mfikirie karani yeyote wa enzi hizo. Mbele yake amesimama mtu anayejua kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, lakini fomu inadai siku na mwezi. Nafasi haiwezi kuachwa wazi, basi huandikwa siku ya kwanza ya mwaka, au katikati ya mwaka. Ndivyo watu wengi walivyopata Januari mosi yao. Hata miaka ya karibuni, wakimbizi wengi wa Kisomali waliohamia Marekani wameandikiwa siku hiyo hiyo kwenye hati zao. Simaanishi kwamba tarehe ya Shaaban Robert si ya kweli, maana watoto huzaliwa kila siku ya mwaka.

La kushangaza ni kwamba katika nchi ambazo kila mtoto huandikwa hospitalini, Januari mosi ni miongoni mwa siku zenye watoto wachache kabisa. Upasuaji wa kupanga na kuanzishiwa uchungu haviwekwi siku ya sikukuu. Huko Marekani siku zenye watoto wengi ziko Septemba. Hesabu miezi tisa kurudi nyuma utaikuta Krismasi, familia zikiwa pamoja. Kwa hiyo ukiona Januari mosi nyingi kwenye daftari, ujue zimezaliwa mezani kwa karani, si wodini.

Shaaban Robert alijua thamani ya kuwaandikia watoto. Mkewe Amina alifariki akamwachia watoto wadogo. Alimtungia binti yake utenzi wa Hati, na mwanawe utenzi wa Adili, ili wapate mwongozo hata kama yeye hayupo. Aliandika pia habari za maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Alifariki Juni 1962, akiwa na miaka 53, nchi ikiwa na miezi sita tu ya uhuru, akazikwa Machui.

Wewe huhitaji kutunga utenzi. Mwandikie mwanao tarehe sahihi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takribani nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Njombe wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni 30 kati ya 100. Udumavu tunaupima kwa kulinganisha urefu wa mtoto na umri wake. Mtoto aliyezaliwa Oktoba akiandikwa Januari, tutampima kama mdogo kuliko alivyo. Ataonekana yuko sawa kumbe amedumaa, na miezi ya kumsaidia itapita. Chanjo nazo hufuata umri: wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua na rubela miezi 9 na 18.

Fanya haya. Mama mjamzito, andika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho na uanze kliniki mapema, ili tujue kama mtoto amefika kwa wakati au ni njiti. Ukijifungulia nyumbani au njiani, andika tarehe siku hiyo hiyo, kisha mpeleke mtoto kituoni. Chukua cheti cha kuzaliwa. Kwa walio chini ya miaka 5 mkoani kwetu hutolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Na kama tarehe huijui, usikubali ijazwe yoyote ili foleni isogee. Mwambie muuguzi mvua zilikuwaje, mahindi yalikuwa yamefikia wapi, sikukuu gani ilikuwa imepita. Kwa hayo tutaukaribia mwezi wenyewe, na mtoto atapimwa kwa umri wake wa kweli.