Peter Safar: Daktari aliyepigania ubongo baada ya moyo kurudi

Ukikulia Mbita kule Homa Bay, au Muhuru Bay kule Migori, unajua ziwa linalisha na pia linaua. Mtu akitolewa majini hapumui, wengi wetu hukimbilia kutafuta gari. Shida ni kwamba ubongo hausubiri gari. Ukikosa oksijeni dakika nne au tano hivi, unaanza kuharibika. Dakika hizo ndizo Peter Safar alizopigania maisha yake yote.

Safar alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1924, kisha akahamia Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa Baltimore, aliwapa watu waliojitolea dawa ya kulegeza misuli hadi wakaacha kupumua wenyewe. Akaonyesha kuwa kupuliziwa pumzi mdomo kwa mdomo kunashinda mbinu ya zamani ya kulazwa kifudifudi na kukandamizwa mgongo. Pumzi hizo akaziunganisha na kukandamiza kifua, na ndiyo huduma ya kwanza tunayofunzwa hadi leo.

Mwaka 1966 msiba ukamfika. Binti yake Elizabeth, angali mtoto, alibanwa na pumu. Moyo wake ulirudi, lakini ubongo haukurudi.

Safar hakukunja mikono. Mwaka 1967 alisaidia kuanzisha huduma ya ambulensi ya Freedom House, mjini Pittsburgh. Vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi hawana kazi, walifunzwa kumtibu mgonjwa palepale alipoangukia. Kabla ya hapo, wagonjwa walibebwa tu na gari la polisi.

Kwenye maabara, aligeukia ubongo wenyewe. Alitetea wazo la kupoza mwili kwa nyuzi chache baada ya moyo kuanza kupiga tena. Mwaka 2002, tafiti mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya Australia, zilimuunga mkono. Mwaka uliofuata akafariki. Tafiti za baadaye zimerekebisha mambo: siku hizi madaktari hutilia mkazo zaidi kuzuia homa kuliko kupoza sana.

Mashine za ICU ziko mbali na fuo nyingi za ziwa letu. Hata hivyo, hatua ya kwanza ya Safar haihitaji stima: mmoja apige simu, mwingine ampulizie pumzi na kukandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Vijana wa Hill District walijifunza. Wa Mbita na Muhuru Bay watashindwaje?