Robert Koch na Homa ya Wapagazi

Zamani, kabla ya reli na magari, maelfu ya wapagazi walifika Bagamoyo wakibeba pembe za ndovu. Kazi yao ilikuwa ngumu, na njia yenyewe ilikuwa na magonjwa. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu, kilichokuwa kimeenea katika nchi nyingi duniani, kiliingia pwani yetu kikaua watu wengi, wapagazi wakiwamo. Wasafiri wale hawakujua ugonjwa huo umetoka wapi.

Daktari mmoja aliyetafuta asili ya magonjwa kama hayo ni Robert Koch. Alizaliwa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1843. Kwa kutumia hadubini aligundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882. Mwaka 1884, akiwa Bara Hindi, alionyesha vijidudu vya kipindupindu, ambavyo huenezwa na maji machafu.

Mwaka 1905 Koch alikuja nchini kwetu, wakati ilipotawaliwa na Wajerumani. Wasafiri wengi walikuwa wakiugua homa iliyopoa na kurudi tena. Koch alichunguza vibanda vya kulala misafara kando ya njia itokayo Dar es Salaam kwenda bara. Katika vumbi la sakafu alikuta papasi. Mdudu huyu hujificha mchana, na usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala. Ndani ya papasi, na hata katika mayai yake, Koch aliona vijidudu vya homa hiyo. Kwa hiyo papasi wachanga huweza kuzaliwa wakiwa na vijidudu tayari.

Koch alishauri wasafiri walale mbali na vibanda hivyo. Lakini ushauri huo uliwalenga zaidi Wazungu. Wenyeji wengi wa sehemu zenye papasi walikuwa na kinga tangu utotoni. Mpagazi aliyetoka mahali pasipo na papasi hakuwa nayo, naye alihitaji ulinzi uleule.

Koch alifariki mwaka 1910. Wewe mwanafunzi, kumbuka jambo hili: ukiijua njia ya ugonjwa, unaweza kuifunga. Tena ujuzi huo haufai kitu usipomfikia kila afanyaye kazi.

Maswali
1. Papasi hujificha wapi mchana?
2. Kwa nini wapagazi walipata homa usiku?
3. Taja njia mbili za kuwakinga wafanyakazi wanaolala kambini.